Msitu wa Mtoto Aliyepotea: Huko Loita Nyama Huliwa Tupu, na Tumbo Likatulia

Narok ni mji ulio kilomita zipatazo 140 magharibi ya Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya. Msafiri atokaye hapo kwenda kusini hupita Ewaso Ng'iro, kisha Maji Moto, na baada ya nyika ndefu ya majani makavu na miiba huona mbele yake ukuta wa vilima vyeusi. Vilima hivyo ni vya Loita. Weusi wake ni wa msitu: mierezi, mipodo na mizeituni mwitu iliyosongamana juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka na mtu wa nyikani hujitanda blanketi mbili. Upande wa pili, bila alama yoyote ya kumwambia mchungaji kwamba amevuka mpaka, ni Loliondo ya Tanzania.

Wamasai wa Loita huuita msitu huo Naimina Enkiyio, yaani Msitu wa Mtoto Aliyepotea. Husimuliwa kwamba msichana mmoja alikwenda kuchunga ndama, ndama wakaingia msituni naye akawafuata. Jioni ndama walirudi bomani. Msichana hakurudi, wala hakuonekana tena. Msitu huo una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 300, na aliyepata kuingia ndani yake hatua mia mbili tu, akageuka asiione njia aliyojia, hawezi kuicheka hadithi hiyo.

Humo ndimo hufanyika jambo ambalo wageni wengi husikia habari zake na wachache huliamini. Wanaume, hasa morani, huondoka nyumbani na ng'ombe wao, wakaenda mahali palipositirika karibu na maji, penye pango au kivuli kizito, wakakaa siku nyingi wakila nyama tupu. Hapana ugali, hapana maharage, hapana mboga wala ndizi. Mahali hapo huitwa olpul. Zamani, vijana walipokuwa wakijitayarisha kwa vita au wakipona baada ya ugonjwa, olpul iliweza kuendelea kwa wiki kadhaa, ng'ombe wa kwanza akiisha anachinjwa wa pili.

Ng'ombe hakatwi koo. Huzibwa pumzi mpaka afe, kisha ngozi ya shingo hufunuliwa ikawa kama bakuli na damu ikakusanyika humo; walio karibu huinama wakainywa ingali moto. Figo huliwa mbichi palepale. Nyama nyingine hubanikwa kwa vijiti, nyingine huchemshwa, na mafuta huyeyushwa yakawekwa kando kwa siku za mwisho. Kwa desturi, morani hali nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa, ndiyo sababu ya kwenda mbali hivyo na nyumba.

Askari yeyote aliyepata kukaa porini kwa siku tatu akila nyama kavu ya mgao, bila kitu cha kuisindikiza, atauliza swali la haki: matumbo yao huwaje? Maana mtu wa kawaida akila nyama peke yake hupatwa na moja kati ya mambo mawili. Ama huhara, ama hufunga choo akakaa siku nne akijikuna kichwa. Wengine hupatwa na yote mawili kwa zamu.

Jibu la kwanza ni mafuta, na hili lilithibitishwa mbali sana na Loita. Vilhjalmur Stefansson, mpelelezi aliyekaa miaka mingi miongoni mwa wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini ya Amerika, alikubali mwaka 1928 kujifungia katika hospitali ya Bellevue mjini New York, yeye na mwenzake Karsten Andersen, ili madaktari wawaangalie wakiishi kwa nyama tupu. Madaktari walimpa Stefansson nyama isiyo na mafuta kabisa. Hata siku ya tatu haikuisha vizuri: alikuwa na kichefuchefu, mwili hauna raha, na anahara. Alipopewa nyama yenye mafuta mengi, kuhara kulikoma. Baada ya hapo akafunga choo kwa siku kama kumi, ndipo tumbo likazoea. Yeye na mwenzake waliendelea na chakula hicho mpaka mwaka ukatimia.

Sababu yake si ya ajabu. Ini la binadamu lina kipimo cha kazi. Nyama isiyo na mafuta ni protini karibu yote, na protini ikizidi takriban theluthi moja ya nguvu ambazo mwili unapata kwa siku, ini hushindwa kuondoa mabaki yake upesi, na mwili huanza kukataa. Watu wa nchi za baridi waliokosa wanyama wanono wakala sungura tu waliijua hali hii: mtu anakula mpaka tumbo linauma, na njaa haiondoki. Mzee wa Kimasai hakuhitaji hospitali ya New York ili ajue. Dume lililokonda halipelekwi olpul. Huchaguliwa mnyama aliyenona, na mafuta yake hayatupwi hata tone.

Lakini mafuta nayo yana mlango wake. Mtu asiyezoea akinywa kikombe kizima cha mafuta yaliyoyeyushwa, nyongo haiwezi kuyasaga yote kwa mara moja, na kabla ya saa nyingi kupita atakuwa anakimbilia kichakani. Ndiyo maana huko olpul mafuta ya kunywa hayaji mwanzo, huja baada ya tumbo kuzoea.

Jibu la pili liko katika sufuria. Supu ya olpul si maji ya mifupa peke yake. Hutiwa magamba na mizizi ya miti, na sehemu kubwa ya siku hupita katika kuitafuta. Mti maarufu kuliko yote ni olkiloriti, aina ya mgunga ambayo wataalamu wa mimea wameiita Acacia nilotica. Gamba lake lina ukakasi unaokaza utumbo, hivyo huzuia kuhara. Wamasai husema pia kwamba humtia kijana ukali, na baadhi ya morani wakiisha kuinywa kwa wingi hutetemeka mwili mzima mpaka wenzao wakawashika. Kuna olkonyil na olkokola, ambayo ni ya jamii moja ya miti inayojulikana kwa kulegeza choo. Sufuria moja, basi, huweza kutiwa cha kukaza na cha kulegeza, na mkubwa wa olpul hupunguza hiki akaongeza kile kwa kadiri aonavyo hali ya wenzake. Huo ni utabibu wa kuangalia na kurekebisha, na hauhitaji jina kubwa. Zaidi ya hayo, supu ni maji. Mtu alaye nyama ya kuchoma tangu asubuhi hata jioni bila kunywa hana haki ya kushangaa choo kikifunga.

Jibu la tatu huja kabla ya safari. Wamasai wa zamani hawakuchanganya maziwa na nyama katika siku moja. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita Umasaini mwaka 1883, aliandika kwamba kila walipotaka kuhama kutoka maziwa kwenda nyama walikunywa kwanza dawa kali ya kuharisha, ili lisibaki tone la maziwa tumboni. Dawa mojawapo ya kazi hiyo ni olkinyei, ambao watu wa pwani huujua kama mdaa, ule ambao mizizi yake hutia rangi ukili wa mikeka. Wazee waliona kuchanganya maziwa na nyama ni kumkosea ng'ombe. Tumbo lilipata faida yake humohumo.

Kuna tatizo ambalo mafuta hayaliondoi, nalo ni tegu. Nyama mbichi au iliyobanikwa nusu, yenye vijipunje vyeupe mfano wa mchele, humpa mlaji mnyoo mrefu bapa unaoweza kukaa ndani yake miaka. Wamasai huutoa kwa gamba la olmukutan, na mbegu za seketet. Mti wa olmukutan hata katika vitabu umeitwa Albizia anthelmintica, jina lenye maana ya kufukuza minyoo. Unafanya kazi, lakini kipimo kikizidi ni sumu, na mzee ajuaye kipimo si kila mzee auzaye gamba sokoni. Zahanati ina vidonge vya tegu ambavyo kipimo chake kimeandikwa. Afadhali tena nyama ipikwe mpaka wekundu uishe. Na mama wa nyumbani asimtupie mbwa maini na mapafu mabichi penye machinjo, kwa kuwa mbwa huyo atarudisha mayai ya mnyoo mwingine, mdogo lakini mbaya, kwenye mikono ya watoto wanaocheza naye, na huko mwilini mayai hayo hufanya uvimbe wa maji katika ini.

Hatari kubwa kuliko zote ni kimeta. Ugonjwa huu huzuka mara kwa mara katika nchi za Umasaini, Kenya na Tanzania, na Uganda nayo inaujua. Viboko wengi walikufa kwao katika hifadhi ya Queen Elizabeth mwaka 2004 na 2005. Mbegu za vijidudu vyake hazifi kwa kuchemshwa kwa kawaida jikoni. Nyama ya mnyama aliyekutwa amekufa haitengenezwi kwa gamba lolote, wala kwa pilipili, wala kwa saa tatu za moto. Huzikwa au huchomwa moto, na mganga wa mifugo huitwa.

Kwa askari aliye mbali na kambi, au familia iliyochinja sikukuu ikala nyama siku nne mfululizo, yafaa kujua lipi la kungoja na lipi la kukimbilia zahanati. Kufunga choo siku mbili tatu baada ya kubadili chakula si ugonjwa: maji, supu, mafuta kidogo na kutembea hutosha. Kuhara bila homa kwa siku moja nako si jambo la kutisha, ila maji yarudishwe mwilini: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, hunywewa kidogo kidogo. Lakini choo chenye damu, homa, tumbo lililovimba pamoja na kutapika bila hata hewa kutoka, au mtoto aliyelegea macho yakadidimia, havingojwi asubuhi. Na mtoto mchanga, mjamzito, na mwenye ugonjwa wa figo hawana kazi katika mambo ya nyama tupu.

Imani katika magamba huvuka mipaka kuliko ng'ombe. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, maelfu kwa maelfu walipanga foleni ya magari kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko wapate kikombe kimoja cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile, iliyotokana na mti wa mugariga. Mti huo ndio ule ambao Wamasai huuita olamuriaki na kuutia supuni. Kuwa mzuri katika supu hakukuufanya uponye kisukari na UKIMWI, na waliouacha mkono wa daktari kwa ajili ya kikombe kile waliumia.

Msitu wenyewe umeponea mara moja. Katika miaka ya 1990 Baraza la Wilaya la Narok lilitaka kuufanya hifadhi ya kuvuta watalii. Watu wa Loita waliunda dhamana yao, wakaenda mahakamani, na mpango ule haukutimia. Tishio la siku hizi ni dogo kwa kimo. Magamba ya osokonoi na olkiloriti huuzwa kwa mafungu mpaka barabarani Nairobi. Mzee akatae gamba la supu huchubua upande mmoja wa shina, akauacha mwingine umlishe mti. Mchuuzi mwenye haraka ya lori huzungusha panga shina zima, na mti hukauka ungali wima.

Nao vijana wa Loita huenda olpul shule zikifungwa. Ng'ombe mmoja, watu kumi, siku nne au tano. Kisha hurudi kutafuta kalamu na viatu. Nyama huliwa vizuri na supu hunywewa, ila katika siku tano kijana hujifunza majina ya miti minne au mitano, na mizani ya sufuria, lini kukaza na lini kulegeza, bado iko kwa mwenye mvi aliyeketi karibu na moto.