Alama Mbili kwa Kila Hoja

Insha ya historia iwe ndefu kiasi gani? Jibu huwa limeandikwa kando ya swali lenyewe: alama. Kila karatasi ya Historia na Serikali ya KCSE ina alama 100 na saa mbili na nusu. Piga hesabu, ni dakika moja na nusu kwa alama. Insha ya alama 15 inakupa dakika 22 hivi, na unaandika tano: tatu za Sehemu B, mbili za Sehemu C.

Mimi si mwalimu wa kuajiriwa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na siku hizi naandikia watu mtandaoni, nalipwa kwa idadi ya maneno. Sasa nimejikuta nikimfundisha mtu kuyapunguza.

Mwanafunzi wangu ni soja wa usiku, analinda duka karibu na ile sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa 2007. Amenizidi umri lakini ananiita mwalimu. Anarudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, anatafuta C ya kumwingiza kwenye kozi ya diploma. Tunakutana Jeevanjee asubuhi akitoka kazini, kabla apande matatu ya Kangemi.

Nilimpa swali: eleza matatizo sita yaliyowakabili wapiganaji wa Mau Mau. Alama 12. Akaandika kurasa tatu, zote kuhusu guka na shosho yake: kijiji kilichozungushiwa handaki, amri ya kutotoka nje, shosho akificha viazi ndani ya mzigo wa kuni. Nilisoma mara mbili. Yalikuwa mazuri kuliko mengi ninayolipwa kuandika. Kwa mtahini, hiyo ni hoja moja. Alama mbili kwa 12.

Nikamwonyesha vile mimi hupanga. Kwanza dakika mbili, orodhesha hoja pembeni. Ukikosa sita, hama. Sehemu B ina maswali manne na unachagua matatu. Kipande cha kwanza cha swali kikiwa na alama tatu, taja vitu vitatu uende. Kipande cha alama 12 ndicho cha kueleza, na kila hoja inataka sentensi mbili: ya kwanza itaje, ya pili iseme kwa nini au vipi. Mfano: Serikali ilifanya Operesheni Anvil Nairobi mwezi wa Aprili 1954. Msako huo ulikata njia za chakula, dawa na silaha, wapiganaji wakabaki msituni bila msaada.

Akakaa kimya kidogo.

"Sawa, mwalimu. Lakini guka nimuache wapi?"

"Kwani nani amesema umuache? Guka ndiye sentensi ya pili."

Wengi hutaja tu kwamba watu walihamishiwa vijijini na kuishia hapo, alama moja. Yeye anajua kilichofuata: raia wakishafungiwa ndani, nani atapeleka chakula msituni? Kina ni hicho, na kinatoshea kwenye mstari mmoja. Viazi vya shosho mtahini hataviona, na hilo linaniuma. Nilimwambia zile kurasa tatu azitunze, si za mtihani.

Wiki jana alimaliza hoja sita kwa dakika 19. Sasa tunaingia karatasi ya pili, Afrika na dunia. Huko hana guka. Sentensi ya pili itabidi aitafute vitabuni, na Novemba haisubiri.