Karata za Masikio

Neno karata tulilipata kwa Wareno. Walifika pwani yetu mwaka 1498, wakakaa, wakapigana, wakaondoka, na nyuma yao wakaacha kopa, shupaza, uru na turufu mikononi mwa wazee barazani. Wareno haohao walifika Japani mwaka 1543, na Wajapani nao wakaokota neno lilelile, ila wao wakalitamka karuta. Basi karata na karuta ni mtu na ndugu yake, mmoja kalelewa huku, mwingine kalelewa kule. Mie niliposikia kuna filamu ya katuni ya Kijapani kuhusu watoto wanaoshindana kucheza karuta, nilitaka kumwona huyo ndugu kakulia katika nyumba ya namna gani.

Filamu yenyewe inaitwa Chihayafuru. Mwenye hadithi ni mwanamama Suetsugu Yuki, aliyeichora kama vitabu vya katuni tangu 2007 hadi 2022, vikafika 50. Kampuni ya Madhouse ikaigeuza kuwa filamu ya televisheni, na mfululizo wa kwanza, wenye vipindi 25, ulianza kuonyeshwa Oktoba 2011. Mimi nimetazama vitatu tu vya mwanzo. Kwa hiyo ndugu msomaji, haya ni maneno ya mtu aliyeonja mchuzi, wali bado uko jikoni.

Kwanza mchezo, maana bila kuuelewa hutajua watoto hawa wanalilia nini. Kuna mashairi 100 ya kale ya washairi 100, kila mmoja na shairi lake, yaliyokusanywa na Fujiwara no Teika katika karne ya 13. Kila shairi lina mizani 31: kipande cha juu 17, cha chini 14. Aliyefundishwa ukwapi na utao hapati taabu hapa, kipande kimoja kinaita na kingine kinaitika. Mghani analighani shairi tangu mwanzo wake. Karata iliyolala chini, lakini, imeandikwa kile kipande cha pili peke yake. Wachezaji wawili wamepiga magoti wakitazamana, kila mmoja na karata 25 mbele yake, na wamepewa dakika 15 za kukariri ipi iko wapi. Anayewahi kuigusa karata inayoitikia ndiye mwenyewe. Ukiinyakua kutoka upande wa mwenzio, unamhamishia moja ya upande wako. Atakayemaliza za upande wake kwanza, ameshinda.

Hesabu hapo: 25 na 25 ni 50. Na zile nyingine 50? Zimebaki sandukuni, lakini mashairi yake yanaghaniwa vilevile. Mimi naziita karata hewa, kama tulivyozoea kuwasikia watumishi hewa. Jina limetajwa, mtu hayupo. Ukirusha mkono kwa karata hewa umekosa, na mwenzio anakuongezea mzigo. Kwa hiyo mwenye mbio za mkono tu hafiki mbali. Yapo mashairi 7 ambayo bingwa huyatambua kwa silabi ya kwanza, kwa kuwa hakuna jingine linaloanza hivyo. Yapo matatu yanayoanza kwa chi, na hapo mkono ubaki hewani hadi sikio litoe ruhusa. Kanuni hizi za mashindano ziliwekwa sawa Tokyo mwaka 1904 na mwandishi wa habari aliyeitwa Kuroiwa Ruiko. Ajabu yake, ukiwaona wachezaji unadhani ni ngumi. Karata zinaruka, zinagonga ukuta. Lakini ngumi yote ile imeanzia sikioni.

Sasa watoto. Chihaya ni msichana wa darasa la sita mjini Tokyo, na ndoto yake kubwa ni dada yake awe mrembo wa kwanza Japani. Taichi ni mvulana wa kwao mambo safi, mama yake hapendi kusikia neno kushindwa. Wa tatu ni Arata, kahamia kutoka Fukui, mkoa ulio mbali, mwenye miwani na nguo zilizochoka. Asubuhi anagawa magazeti. Babu yake alikuwa bingwa wa karuta, na yeye karuta ameinyonya kwa huyo babu. Darasani hasemi kitu, kwa sababu akisema tu, wenzake wanacheka. Lafudhi yake ni ya Fukui.

Hapa inabidi nieleze nilitazama na nani. Ninaye mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 11. Amezaliwa na kukulia upande wa Mara, karibu na ziwa, na mwaka huu dada kamleta kwangu Dar es Salaam asome. Ulimi wake unapenda r pale wengine wanapoweka l. Wiki ya kwanza katika shule moja hapa mjini alimwambia mwalimu kwamba hajalala, lakini yeye alisema "hajarara". Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye, nasikia, akashindwa kujizuia. Tangu siku hiyo mtoto amekuwa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "shikamoo mjomba". Maneno anayachagua kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Likikaribia neno lenye l, anazunguka. Maji ya kunywa anaomba kwa kunyoosha kidole. Dada kanipigia simu akaniambia kwamba likizo ikifika na hali ikiwa hivihivi, anamchukua mwanawe.

Basi tulikaa sebuleni wawili, mazungumzo Kijapani, maandishi ya chini Kiingereza, na mimi namtafsiria kwa Kiswahili. Alipofika Arata darasani akafungua kinywa, watoto wa Tokyo wakacheka. Mimi bado nilikuwa nahangaika kusoma maandishi, ambayo kwa kweli hayakuonyesha tofauti yoyote. Kiingereza cha Arata kilikuwa kama cha wenzake. Mpwa wangu, asiyejua neno moja la Kijapani, akageuka.

"Mjomba, wanamcheka anavyoongea?"

Nikamjibu ndiyo. Hakuongeza. Lakini akasogea mbele, akaacha kuegemea kochi.

Hapo ndipo nilipoiona hadithi hii imejengwa juu ya nini. Mwandishi angeweza kumpa Arata nguvu za kupigana, kama katuni nyingi zinavyofanya, wachekaji wakapata cha mtema kuni. Badala yake kampa kusikiliza. Watoto wanaomcheka wanajua kusema vizuri. Yeye anajua kusikia vizuri, na mchezo huu unalipa masikio. Mvua inanyesha, anamchukua Chihaya hadi kwao, nyumba duni yenye karata ndani, na mtoto aliyekuwa bubu darasani anageuka simba kwenye mkeka. Anamwambia pia jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia, kwamba ndoto yake isiwe ya dada yake, iwe ya kwake mwenyewe. Chihaya anapigwa vibaya, lakini anapata karata moja. Ni ile ambayo shairi lake linaanza kwa jina lake, la Ariwara no Narihira wa karne ya 9. Kumbuka kwamba jina hilo halimo kwenye karata, limo kwenye kile kipande kinachosikika tu. Msichana kajiokota kwa kujisikia anaitwa. Nitasema kweli, hapo nilisimamisha mkanda kidogo nikajifanya naenda kunywa maji.

Sisemi kila kitu kimenipendeza. Machozi ni mengi mno, na muziki unakusukuma ulie hata kabla hujaamua. Halafu kuna la miwani. Darasani kunafanyika mashindano, Taichi anaona atashindwa, anamwibia Arata miwani. Arata anacheza akiwa haoni, kwa kukumbuka tu kila karata ilipolala, hadi Chihaya anaomba kuingia badala yake. Baadaye Taichi anakiri na anasamehewa, nao wanakuwa marafiki watatu. Haraka hiyo ilinikwaza. Mpwa wangu, kwa upande wake, hakujali habari ya msamaha. Alitaka kujua jambo moja tu, Arata anawezaje bila kuona. Nikamwambia amehifadhi. "Kama madrasa?" Kama madrasa. Akatikisa kichwa, jambo limemwingia.

Kipindi cha tatu ndicho kilichonitia wasiwasi. Babu yake Arata anaugua, na mtoto inabidi arudi Fukui. Wenzake wanalia, yeye anaondoka. Nilimtazama mpwa wangu kwa pembe ya jicho. Nilikuwa nimemtafutia hadithi ya mtoto anayechekwa halafu anathaminiwa, na hii hapa inampandisha garimoshi na kumrudisha kwao. Wahenga wetu walishasema mcheza kwao hutunzwa. Nilijua anachowaza, au nilidhani nakijua.

"Huko kwao watamcheka?"

"Hawamcheki. Kule wote wanaongea vile."

Kimya kirefu. Kisha akasema: "Lakini hao wawili wamebaki bila mtu wa kucheza naye."

Sikuwa na jibu, na silo jambo la kutafutia jibu la haraka. Hakusema atabaki, hakusema ataondoka. Aliwahesabu waliopungukiwa, naye aliwaona kuwa ni wale waliobaki. Nami nikajiuliza darasa lake lile limepungukiwa na nini tangu aache kusema.

Limebaki jambo moja nililoliweka akiba. Kabla ya mchezo wa karuta kuanza, mghani hughani kwanza shairi ambalo halimo katika yale 100. Halina karata. Hakuna cha kugombania, hakuna mkono unaoruka. Wachezaji wanainamisha vichwa na kuizoea sauti ya yule atakayewaongoza, ilivyo, na pumzi zake na mikato yake. Na shairi hilo, kwa mapokeo ya Wajapani wenyewe, linahusishwa na Wani, mwanazuoni aliyetoka Baekje, katika Korea ya zamani. Ndiyo kusema mchezo wao wa lugha ya kale, wanaouonea fahari kubwa, unafunguliwa kwa maneno ya mtu aliyekuja kutoka ng'ambo, na sijui ulimi wake uliwekaje r zake.

Laiti na madarasa yetu yangekuwa na shairi la namna hiyo siku ya kwanza. Mgeni aseme, isiwepo karata ya kunyakua, watu wakae waizoee sauti. Kipindi cha nne tumekiweka Jumamosi. Mpwa wangu kaniomba jambo moja: safari hii asome yeye maandishi ya chini, ayatafsiri yeye, kwa sauti. Likizo inaanza wiki tatu zijazo.