Mkono Mtupu Mwaloni

Kama umekua na riwaya za upelelezi kama mimi, bila shaka unamfahamu Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba na Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa. Jamaa hao wakizungukwa na majambazi hawaombi msaada. Wanaruka, wanatua, watu wanalala chini, suti haijapata hata vumbi. Nami ninayeandika riwaya yangu ya kwanza kwenye kaunta buku (ya pili sasa, ya kwanza imejaa) nilitaka shujaa wa namna hiyo hiyo. Ila nilitaka nijue kwa mwili wangu ngumi inatokea wapi. Ndiyo maana nilikwenda kwa Mwalimu.

Sisi tunamwita Mwalimu tu. Neno "Sensei" halitaki, anasema linawafanya vijana wajione wapo Japani wakati wapo Nkome. Karate aliipata Dar es Salaam, katika mkondo wa Goju-ryu ambao Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani aliupanda pale Zanaki miaka ya 1970, mahali walipopaita Hekalu la Kujilinda. Jina la Kiswahili safi, nalipenda. Baadaye Mwalimu alikuja Geita kutafuta dhahabu kama watu wengine wote. Dhahabu ikamkataa, akateremka ziwani, sasa anatengeneza injini za boti. Anatufundisha jioni, kwenye mchanga nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa. Harufu unaizoea.

Siku ya kwanza tulikuwa vijana kumi na wanne, karibu wote wahitimu wa banda la video, na kila mmoja alikuja na teke lake kutoka nyumbani. Mwezi ulipoisha tulibaki sita. Hakuna aliyeumia; watu walichoka kusubiri. Maana Mwalimu hakufundisha teke. Alifundisha kusimama.

Zoezi hilo linaitwa Sanchin, maana yake vita vitatu. Unasimama miguu imeingia ndani kidogo, vidole vya miguu vimeng'ang'ania mchanga, unakwenda hatua tatu mbele, polepole, ukivuta pumzi mpaka tumboni na kuitoa yote. Basi. Hakuna adui. Mwalimu anakuzunguka, na ghafla anakuchapa makofi ya mabega, pa! pa!, kuangalia kama pumzi imekukatika. Ikikatika unarudi mwanzo. Kuna mshikaji mmoja, mvuvi, mkono kama kasia, alinong'ona, "Sasa hii itamsaidia nani?" Mwalimu alisikia, hakujibu.

Vifaa vyetu ni vya hapa hapa. Kule Okinawa wana mitungi ya udongo wanayoishika kwa ncha za vidole mdomoni wakitembea nayo. Sisi tuna makopo ya rangi yaliyojazwa mchanga. Wana jiwe lililochomekwa mti. Sisi tumemwaga saruji kwenye kopo la maziwa. Wana nguzo ya kupiga iliyofungwa kamba ya majani. Yetu imefungwa kamba ya wavu uliochakaa. Nakwambia mtu aliyevuta nyavu za sangara miaka mitano tayari ana nusu ya vidole vinavyotakiwa.

Mimi mpenda vitabu nilitafuta asili yake. Nikakuta kwamba mwaka 1901 mzee Anko Itosu aliiingiza karate katika shule ya msingi huko Okinawa, kama mazoezi ya viungo ya watoto. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka Japani bara, naye alikuwa mwalimu wa shule, na alishikilia kwamba katika karate hakuna pigo la kwanza. Hata maandishi ya jina yalibadilika: zamani yalisomeka "mkono wa China", na mwaka 1936 wakubwa wa fani walikutana mjini Naha wakakubaliana yasomeke "mkono mtupu". Walimu wa shule, watoto, mkono mtupu. Humo ndani Willy Gamba simwoni kabisa!

Jioni moja Mwalimu alituuliza, "Hapa Nkome nani atakushambulia?" Tukataja. Mlevi mwenye chupa kilabuni. Mtu wa panga njiani usiku, ukitoka kuuza samaki na hela mfukoni. Maharamia wa ziwani wanaopora injini. Akatujibu kwa zamu. Mlevi, ondoka, kesho atakuamkia. Mwenye panga, mpe hela, na kama hataki hela, kimbia ukipiga yowe. Maharamia wana bunduki, wape injini. "Injini inauzwa Mwanza. Wewe huuzwi."

Yule mvuvi akauliza tena, "Mwalimu, sasa karate?"

"Karate ni ile pumzi itakayokufanya ukumbuke hayo yote wakati unatetemeka."

Kuhusu yowe, Wasukuma hatuhitaji kufundishwa na Mjapani. Sungusungu walipozaliwa upande wa Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe wakiporwa na bunduki zimezagaa baada ya Vita vya Kagera, silaha ya kwanza kabla ya upinde na mshale ilikuwa mwano. Mmoja analia, anayemsikia anadaka, kijiji hadi kijiji, na mwizi anakuta mbele yake kumeshaamka. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini tuseme kweli, umati ukishakusanyika nani anauzuia? Wapo waliopigwa na watu wa namna hiyo bila kosa lolote. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18B, inakuruhusu kutumia nguvu ya kiasi kinachohitajika kujilinda, si zaidi. Ukishamwangusha mtu, teke la pili ni kesi yako.

Hilo la umati tuliliona mwaloni mwaka jana. Asubuhi, boti zinateremsha, kijana mmoja mgeni akashikwa na kipande cha wavu. Neno "mwizi" lilitembea haraka kuliko jamaa alivyoweza kujieleza. Makafi yakaanza kuinuliwa. Mwalimu alikuwa kwenye injini, mikono imejaa grisi. Akatembea, hakukimbia. Akamshika yule kijana mkanda wa suruali, akamkalisha chini, akasimama mbele yake miguu imeingia ndani kidogo. Nikaujua ule msimamo.

"Wazee wangu, shikamooni. Huyu anakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Aliyeibiwa atangulie."

Mtu mmoja akapiga kafi. Lilimpata begani, sauti yake niliisikia kutoka kwenye kibanda cha chai. Mwalimu alitoa pumzi, ndefu, kisha akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Mwingine akacheka: "Karate yako iko wapi?" Sisi wanafunzi wake tulishafika ubavuni, na mvuvi wetu alikuwa amekunja ngumi. Mwalimu bila kugeuka akamwambia, "Fungua mkono, beba wavu." Akabeba. Tukaenda wote kwa mwenyekiti, umati nyuma unanung'unika, na kufika kule nusu yao walishakumbuka samaki wao wanaharibika juani.

Wavu kweli ulikuwa wa wizi. Kijana alikabidhiwa polisi, akiwa hai, na meno yake yote.

Wiki tatu Mwalimu hakuinua mkono wa kushoto. Baadhi ya watu mwaloni bado hawamsalimii, wanasema anatetea wezi, na wateja wawili wamehamishia injini zao kwa fundi mwingine. Nilimuuliza kama inamuuma. Akasema bega au wateja? Nikasema vyote. Akasema bega limepona.

Juzi amekuja dada mmoja muuza dagaa, anayesafiri usiku na mizigo kwenda Geita mjini. Ametaka kujifunza. Sisi tulitegemea Sanchin. Mwalimu akamsimamisha kwenye mchanga, akamwambia apige mwano, kwa nguvu zake zote, bila haya. Mara ya kwanza sauti ilitoka ndogo, akacheka akaziba mdomo kwa kanga. Mara ya tatu milango ilifunguka mpaka kule juu kwenye maduka, watu wakaja mbio, mmoja ameshika mwiko wa ugali, tukaanza kuwaeleza kwamba ni mazoezi.