Mali bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na aghalabu methali hii husomwa kana kwamba inahusu fedha peke yake. Ukumbi wetu huu, ambamo watoto husoma Kurani kila jioni, ambamo tunaozesha na kusoma hitima, una boila ya gesi, kengele ya moto, mitungi ya kuzimia moto, taa za dharura, friza mbili, majiko, vipaza sauti na kitanda cha chuma cha kuoshea maiti. Kila kimoja kina siku yake ya kukaguliwa. Kwa miaka mingi siku hizo zote ziliandikwa mahali pamoja tu, napo ni kichwani mwa mzee wetu mtunza ukumbi.

Hatutamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe hapendi, na wasomaji wote wanamjua. Ndiye anayejua ni koki ipi ifungwe kwanza maji yanapovuja. Akiisikiliza boila ikiwaka alfajiri hujua kama ni nzima, kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe. Elimu yake ni amana, lakini amana hiyo haikuwa na nakala. Majira ya baridi yaliyopita alilazwa hospitali wiki tatu, na katika wiki ya pili boila ikazimika. Fundi akauliza ilihudumiwa lini mara ya mwisho, maana waranti ya vyombo hivi kwa kawaida huwa na sharti la kuhudumiwa kila mwaka. Risiti zilikuwepo, alhamdulillahi, ndani ya kopo la biskuti, zimepangwa kwa utaratibu alioufahamu mwenye kopo peke yake. Siku mbili watoto walisoma wakiwa wamevaa makoti.

Binti mmoja wa jumuiya, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyependekeza jedwali la kompyuta, ambalo wataalamu wa lugha yetu wameliita lahajedwali. Baadhi ya wazee waliguna. Lakini chombo hiki si kipya kama kinavyodhaniwa: Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa programu yao ya VisiCalc mwaka 1979, na wahasibu wa dunia nzima wameshazeeka nacho. Kwetu sisi tuliofundisha katika shule za Afrika ya Mashariki, hii ni leja ileile ya stoo, iliyopigwa mistari kwa rula na wino mwekundu, isipokuwa leja hii inajua kuhesabu siku.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Kila chombo kimepewa mstari wake. Safu za kwanza zinaeleza ni chombo gani, kipo chumba gani, kilinunuliwa lini na waranti yake inakwisha lini. Safu ya sita ina tarehe ya huduma iliyopita, na ya saba idadi ya miezi mpaka huduma nyingine: 12 kwa boila, 12 kwa mitungi ya moto, 1 kwa taa za dharura. Katika safu ya nane huandikwi kitu kwa mkono. Humo mna amri fupi, =EDATE(F2,G2), inayochukua tarehe na kuiongezea miezi. Siku zikibaki pungufu ya 30, kisanduku hugeuka chekundu chenyewe. Mitungi ya moto ina mistari miwili miwili, kwani mbali na ukaguzi wa kila mwaka, ile ya maji na ya povu huhitaji huduma kubwa kila miaka 5, na ile ya gesi ya kaboni kila miaka 10. Nani angekumbuka jambo la miaka 10 kwa kichwa, katika jumuiya ambayo kamati yake hubadilika kila uchaguzi?

Mara ya kwanza amri hiyo ilipotumika, kisanduku kilitoa namba 45658. Mmoja wetu alidhani ndiyo bei ya boila mpya, akavuta kiti akakaa. Kumbe kompyuta huhesabu siku kuanzia Januari 1, 1900, na namba hiyo ni Januari 1, 2025 kwa lugha yake; ukiiambia kwamba kisanduku ni cha tarehe, inaandika tarehe. Vilevile tuliamua jina la mwezi liandikwe kwa herufi. Wapo miongoni mwetu waliotoka Marekani, na kwao 3/4 ni Machi 4, ilhali huku Uingereza ni Aprili 3. Mwezi mmoja si kitu kwa kapeti, lakini ni mrefu kwa king'ora cha hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu.

Mzee aliporudi nyumbani tulimwendea na kompyuta. Alitutazama kwa muda, kisha akauliza, "Mnataka kuniandika kabla sijafa?" Hatukuwa na jibu la haraka. Mtu aliyetunza nyumba ya watu bila mshahara anapoona mambo yake yanahamishiwa kwenye mashine, ana haki ya kudhani kwamba anakaguliwa yeye, si vyombo. Ni yule binti aliyeokoa hali. Alimsogezea kiti kando yake, akamwambia, "Babu, mimi sijui hata boila inawashwaje. Nifundishe, mimi niandike." Basi kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri wakawa wanakaa, mmoja akisema na mwingine akichapa, nasi tukisikiliza na kunywa chai.

Hapo ndipo tulipoona kwamba mzee hakuwa akihesabu kwa kalenda ya ukutani. Ukimuuliza boila huhudumiwa lini, hujibu, "Kabla ya Ramadhani." Friza je? "Kabla ya Ramadhani." Ni hesabu ya busara, kwa kuwa mwezi huo ndio ukumbi unaofanya kazi kuliko miezi yote. Lakini mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka na huzunguka majira yote kwa takriban miaka 33. Mwaka 2016 ilianza Juni. Mwaka 2030 inatazamiwa mara mbili, Januari mwanzoni na tena Desemba mwishoni. Boila haijui Ramadhani, inajua baridi. Tulishauriana sana, na mwisho mzee mwenyewe ndiye aliyekata shauri: kinachoogopa baridi kifuate Septemba, kinachopika futari kifuate Shaabani. Ikaongezwa safu ya kalenda. Vyombo vya futari tarehe zake huandikwa kwa mkono kila mwaka, maana mwezi mwandamo hautii amri ya EDATE.

Safu ya mwisho binti aliipa jina la Maelezo, akiikusudia maneno mawili matatu. Leo ndiyo pana kuliko zote. Mumo humo ndimo ilimoingia habari ya mabomba ya juu. Wengi mtakumbuka kwamba kila Jumatatu mzee alikuwa akipanda kwenye udhu wa wanawake, ambao kwa kawaida hutumika Ijumaa tu, akafungua mabomba yote na kuyaacha yatiririke kwa dakika kadhaa. Aliwahi kusemwa mbele za watu kwamba huo ni israfu. Hakujibu. Siku binti alipomuuliza sababu, alisema fundi mmoja wa mabomba alimwonya zamani kuhusu maji yanayolala. Na fundi yule alisema kweli. Bakteria wa lejionela, waliopewa jina hilo baada ya maradhi yaliyoua watu katika mkutano wa askari wastaafu mjini Philadelphia mwaka 1976, hustawi katika maji yaliyotuama yenye joto la baina ya digrii 20 na 45, na mtu huyavuta katika mvuke na matone. Ndiyo maana tangi la maji moto huwekwa kwenye digrii 60, na mabomba yasiyotumika sana hufunguliwa kila wiki. Bibi zetu wenye vifua dhaifu walitawadha kwa salama miaka yote hiyo kwa sababu ya mtu aliyeitwa mfujaji wa maji. Katika wiki zile tatu alipokuwa hospitali, hapakuwa na aliyeyafungua.

Jambo moja tulilishikilia kwa nguvu. Katika safu ya mhusika, kamati ilipendekeza kila mstari uandikwe "Kamati". Tulikataa. Kazi ya Kamati ni kazi isiyo na mtu. Sasa kila mstari una jina moja la mtu mmoja, na simu yake. Hali kadhalika hatukubali tarehe mpya bila karatasi ya fundi kupigwa picha na kuwekwa pamoja na jedwali; na kwa boila, fundi awe ameandikishwa katika Gas Safe Register, iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Mwalimu yeyote ameshaona rejista ya mahudhurio iliyojazwa Ijumaa kwa wiki nzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, wanafunzi wote wapo, hata aliyehama. Kompyuta haitamzuia mtu kuandika tarehe ya uongo. Itaipaka tu rangi ya kijani.

Nakala ya jedwali huchapwa kila mwezi na kubandikwa mlangoni mwa jiko, kwa ajili ya wasiotaka kompyuta na kwa siku ambayo kompyuta itaharibika. Mashine ya fotokopi iliyochapa jarida hili ni mstari wa 19, na kisanduku chake, kama mlivyoona katika weusi wa kurasa hizi, ni chekundu.

Mzee bado huja kila alfajiri, ila ngazi zimeanza kumshinda. Tunamtafuta mtu wa kufungua mabomba ya juu kila Jumatatu, awe mwanamume au mwanamke. Kazi haizidi robo saa. Mwenye nia amwone mzee mwenyewe Jumamosi baada ya adhuhuri. Amesema atamfundisha, lakini asiwe mtu wa kuchelewa.