Kiatu cha mwanangu na dhamana ya duka

Kiatu cha mguu wa kulia kilikuwa kimeachama kama mamba aliyelala juani. Kile cha kushoto kilikuwa na nafuu kidogo, ingawa kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja na ngozi ya mbele imechubuka hata ikapoteza rangi. Ilikuwa mwezi wa Aprili, shule zimefungwa, na mama watoto alikuwa akikagua sare za kitinda mimba wetu, mvulana wa miaka 12, ili tujue kinachohitajika kabla ya muhula wa pili.

"Baba watoto," akaniita, "hivi si ndivyo viatu tulivyonunua Januari kwa Sh2,400?"

Ndivyo hasa. Nilikumbuka jinsi tulivyosimama katika duka moja katikati mwa jiji la Nairobi, tukisitasita kwa sababu ya bei, hadi binti aliyekuwa akituhudumia alipotuonyesha kadi ndogo. Kadi hiyo ilisema kwamba soli ikibanduka au mshono ukifumuka kabla ya miezi sita kwisha, duka litakupa jozi nyingine bila malipo. Kadi hiyo ndiyo iliyotufanya tutoe pesa.

Mali bila daftari huisha bila habari, na mke wangu ni mtu wa daftari. Aliingia chumbani akatoka na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na risiti, na pamoja nayo kadi ya dhamana. Miezi sita ilikuwa bado haijatimia.

Jioni hiyo shemeji yangu alikuwa ametutembelea. Aliishi Massachusetts, Marekani, kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani mnamo 2015, na hakuna jambo la huku asiloweza kulilinganisha na la kule.

"Shemeji, rudisha kiatu bila wasiwasi," akaniambia. "Kule Marekani kuna kampuni iitwayo L.L.Bean. Unavaa buti zao miaka ishirini, zikichakaa unawapelekea, wanakupa mpya. Hawakuulizi hata swali moja!"

Mwanangu alikuwa ameketi pembeni akisikiliza. Kwa kawaida mtoto huyo hawezi kunyamaza wajomba wanaposimulia. Siku hiyo hakutia neno.

Msomaji, kabla sijakueleza yaliyotokea dukani, yafaa nikuungamie jambo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua pasi ya umeme katika duka moja katika barabara ya Luthuli. Siku ya tatu ilitoa moshi na kufa. Niliporudi nayo, muuzaji hakuigusa hata kwa kidole. Alininyoshea mkono kunielekeza kwenye maandishi ya ukutani yaliyosema kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nikaondoka na pasi yangu kama kuku aliyenyeshewa.

Wakati huo sikujua haki zangu. Maandishi ya ukutani si sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inamtaka mwenye kuuza bidhaa za aina hiyo auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na mnamo 2012 Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa. Siku hizi kuna hata Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai ya hadi Sh1 milioni, na huhitaji wakili ili usikizwe. Pasi iliyoungua siku ya tatu ingestahili kurudishwa, ukuta useme utakavyo.

Basi tangu siku ile nilibaki na kinyongo. Nilihisi kwamba wenye maduka wana deni langu. Nilipovitia viatu vya mwanangu katika mfuko wa karatasi, nilikuwa nikienda kudai deni hilo, ingawa duka halikuwa lile.

Jumamosi asubuhi tulipanda matatu, mimi na kijana, tukaingia mjini. Tulimkuta binti yuleyule. Alivipokea viatu, akavigeuza, akatia kidole penye soli iliyobanduka. Alitazama ncha ya kiatu cha kulia kwa muda mrefu zaidi ya nilivyopenda.

"Mzee, mtoto alikuwa akivivaa kwenda darasani tu?" akaniuliza kwa adabu.

"Ndiyo, binti yangu. Ni viatu vya shule hivyo," nikamjibu.

Nilipomtazama mwanangu, alikuwa akihesabu vigae vya sakafu.

Binti hakubishana nasi. Aliandika katika kitabu, akanipa kalamu nitie sahihi, kisha akatuletea jozi mpya inayong'aa. Nilitoka dukani kifua mbele. Hatimaye, nikajiambia, pasi yangu imelipwa!

Tulipofika karibu na mzunguko wa barabara ya Jogoo, nilisikia kijana akivuta kamasi. Nilidhani ni mafua. Kumbe alikuwa akilia.

"Baba, zile raba zangu za michezo zilipotea Februari," akasema. "Niliogopa kukwambia. Nimekuwa nikichezea kandanda na hivyo viatu vya ngozi kila siku, kule uwanjani kwenye changarawe. Siku ile vilipoanza kufunguka, tulivitumia kuwa milingoti ya goli."

Ningependa kukwambia kwamba nilishtuka. Sikushtuka. Nami nilicheza mpira nikiwa mtoto, na mtu aliyecheza mpira anaijua ncha ya kiatu kilichopiga mpira kwenye changarawe. Nilikijua kiatu kile tangu kilipokuwa mikononi mwa mama yake. Nilichofanya ni kutouliza, kwa kuwa jibu lingeninyima jozi mpya. Kisha nikasimama mbele ya mwanangu nikasema uongo, naye akanisikia. Samaki mkunje angali mbichi, nasi tulimkunja wetu siku hiyo kweli, lakini upande usiofaa.

Nilimwambia asiviguse viatu vipya. Nyumbani mke wangu aliposikia, alikaa kimya kwa kitambo, kisha akasema maneno machache tu: "Unajua la kufanya." Shemeji kwa upande wake alicheka. Alisema duka haliwezi kufilisika kwa sababu ya jozi moja, na kwamba wenye mali huweka hesabu ya hasara kama hizo katika bei.

Usiku huo nilitafuta habari za ile kampuni ya shemeji, na nikakuta mkia wa hadithi ambao yeye hakuujua. Leon Leonwood Bean alianza biashara huko Maine mnamo 1912 kwa kuuza buti za wawindaji, chini mpira na juu ngozi. Kati ya jozi 100 za kwanza, 90 zilirudishwa kwa sababu ngozi ilikuwa ikiachana na mpira. Bwana huyo aliwarudishia watu pesa zao, akakopa, akaitengeneza upya buti yake. Dhamana yake ilizaliwa hapo. Yeye hakuwa wa kwanza. Aaron Montgomery Ward, aliyekuwa akiuza bidhaa kwa njia ya posta kutoka Chicago, aliwaahidi wateja mnamo 1875 kwamba asiyeridhika angerudishiwa pesa. Ahadi hiyo ilikuwa na maana kubwa, kwani mkulima aliyekaa mbali asingeweza kukishika kitu kabla ya kukilipia. Ilibidi amwamini mtu asiyemjua.

Kwa zaidi ya miaka mia moja kampuni ya Bean ilipokea vilivyorudishwa, viwe vimechakaa namna gani. Lakini polepole wakatokea watu waliookota bidhaa zake kwenye takataka, au kuzinunua kwa bei ya kutupa, kisha wakazipeleka wapewe mpya. Mnamo Februari 2018 kampuni ilitangaza kwamba dhamana isiyo na kikomo imekwisha. Sasa ni mwaka mmoja, na lazima uwe na ithibati ya kununua. Ilisema kwamba katika miaka mitano ilikuwa imepoteza dola milioni 250 kwa bidhaa zilizorudishwa. Kampuni nyingine ya huko, REI, iliyouza vifaa vya safari na milima, ilikuwa imekwisha kuweka kikomo cha mwaka mmoja mnamo 2013.

Nilizima taa lakini usingizi haukuja. Nilikuwa nikimfikiria mtu ambaye buti zake zimebanduka kweli baada ya miaka miwili, akaambiwa muda umepita. Aliyemnyima ni yule aliyeokota buti jaani.

Jumatatu nilikuwa mlangoni pa duka kabla halijafunguliwa, mwanangu kando yangu. Viatu vipya vilikuwa katika sanduku lake, havijakanyaga ardhi. Nilimweleza yule binti ukweli wote. Aliduwaa, kisha akaenda kumwita mwenye duka, mzee mmoja mwenye miwani mizito.

Nilitazamia anikaripie. Badala yake alitupeleka nyuma ya duka, akafungua gunia lililojaa viatu vilivyorudishwa. Alitoa kimoja ambacho ngozi yake ilikuwa imejikunja kwa moto. Mwenyewe alikianika kando ya jiko baada ya kunyeshewa. Akatoa kingine kisicho na dosari yoyote.

"Hiki hakina mshono uliofumuka," akasema. "Ni mtoto tu aliyekua! Mama yake alitaka nimpe saizi kubwa zaidi, eti dhamana haijaisha."

Alitueleza jinsi mambo yanavyokwenda. Viatu vyote vya gunia hupelekwa kwa mtengenezaji. Vyenye kasoro ya kiwandani, yeye hulipwa. Vilivyotumiwa vibaya hurudishwa, na hasara ni ya duka.

"Ni yako peke yako, mzee?" nikamuuliza.

Akakohoa kidogo. "Nusu yangu," akasema, "na nusu ya aliyevipokea. Bila hivyo wangepokea kila kitu."

Nikamtazama yule binti. Yeye aliangalia kando. Nilipiga hesabu moyoni: nusu ya Sh2,400 ni Sh1,200. Niliyadhania maduka kuwa yana deni langu, kumbe deni nilikuwa nimempa msichana ambaye labda mshahara wake unalisha watu wanne. Tena alikuwa ameiona ile ncha ya kiatu, akaamua kuliamini neno langu kwa kuwa mimi ni mtu mzima aliyeandamana na mtoto.

Sijasema kwamba utaratibu wa mzee yule ni wa haki. Nilimwambia hivyo, kwa heshima, kwamba mfanyakazi asitozwe kwa uongo wa mteja. Alinijibu kwamba wateja wakiacha uongo, naye ataacha kutoza. Aliongeza kwamba alikuwa akifikiria kuipunguza dhamana ya miezi sita iwe mwezi mmoja. Sikuwa na la kusema. Nusu ya maneno yangu nilikuwa nimeyatumia vibaya Jumamosi.

Alitupa viatu vyetu vya zamani, akafuta sahihi yangu kitabuni. Mwanangu aliomba radhi mwenyewe, bila kusukumwa. Yule binti akamwuliza anacheza namba ngapi. "Namba tisa," akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikamwona akitabasamu.

Nimejifunza kwamba kasoro na uchakavu ni vitu viwili. Pasi iliyoungua siku ya tatu ilikuwa na kasoro, nami nilipaswa kusimama kidete, risiti mkononi, hadi ofisi zinazohusika ikilazimu. Kiatu kilichogeuzwa mlingoti wa goli kimechakaa, na uchakavu ni wa mwenye kiatu. Nilinyamaza penye haki yangu, nikapaza sauti pasipo na haki. Kisasi cha muuzaji mmoja nikamlipizia mwingine ambaye hakunikosea.

Tuliposhuka mtaani kwetu tulipitia kwa fundi wa viatu anayekaa chini ya mwavuli karibu na kituo cha matatu. Aliviangalia, akasema Sh250. Alishona soli kwa uzi mnene, akapiga kiraka cha mpira wa gurudumu kwenye kisigino, akavipaka rangi hadi vikapendeza. Raba za michezo tulikubaliana kwamba kijana atazinunua kwa pesa zake za Krismasi, zikiongezewa na zangu kidogo.

Wakati fundi akimaliza, mwanangu alimwuliza: "Fundi, na wewe hutoa garantii?"

Fundi aliuma uzi, akaukata kwa meno. "Garantii yangu ni kwamba kesho nitakuwa hapahapa," akamwambia. "Vikifunguka, vilete. Lakini usinichezee mpira!"

Muhula wa pili umekwisha, na viatu havijafunguka.