Harusi Inafunga Barabara

Kwetu Bukonzo, Uganda, mtoto wa kike wa kwanza huitwa Masika. Simama katikati ya soko la Mpondwe siku ya soko, ita "Masika!", watageuka wanawake ishirini, nami nitakuwa mmoja wao. Basi niite hivyo. Sijui jina linalomficha mtu vizuri kuliko hilo, na mimi nina sababu ya kujificha.

Nauza samaki. Nawachukua Katunguru, pale daraja la barabara ya Mbarara na Kasese linapovuka mkondo wa Kazinga, ule unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Nawapeleka Bwera na Mpondwe, ambako wateja wangu wengi ni wanawake wa Kasindi wanaovuka mpaka kutoka Kongo na beseni kichwani. Hao ndio walionifundisha Kiswahili ninachoandikia, ingawa wakikisoma hiki watasema nimekipaka poda. Kazi hii nina miaka kumi na saba nayo. Na kwa miaka kumi na mmoja nimeishi na mwanamke mwenzangu, fundi cherehani, maisha yote ya ndoa isipokuwa cheti.

Kilichonishikisha kalamu ni swali la mdogo wangu. Tulikuwa tumekaa nje kwa mama, Jumamosi alasiri, harusi ikapita. Unazijua harusi za Kasese: bodaboda kumi mbele, kijana mmoja amesimama juu ya kiti cha pikipiki, magari yamefungwa riboni, honi haziachii, tarumbeta nyuma ya pikapu. Lori la Kongo lenye shehena lilisimama kando, dereva anacheka. Barabara ilifungwa na hakuna aliyenung'unika. Mdogo wangu alipiga makofi mpaka bibi harusi akampungia mkono. Walipokata kona akanigeukia. Habari zangu anazijua tangu 2014. Hazisemi, wala hazikani.

"Dada," akasema, "mimi mambo yako sina shida nayo. Ila hiyo Praidi yenu, ya kutembea na bendera, ndiyo inayoniudhi. Mimi nimeoa. Umeniona lini nikipita barabarani kutangaza ninayelala naye?"

Vumbi la harusi lilikuwa halijatua.

Sikumjibu. Nilicheka tu, akadhani amenishinda. Jibu lake ni refu, na linaanza Oktoba 2009, mwezi ambao watu wa Kasese hatuwezi kuusahau. Tarehe 19 serikali ilimtambua rasmi Charles Wesley Mumbere kuwa Omusinga wa Rwenzururu, Rais Museveni mwenyewe akiwapo. Mfalme wetu alikuwa ametoka Marekani, ambako kwa miaka alihudumia wagonjwa na wazee. Watu walishuka milimani kwa miguu na kwa malori. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimepanda juu ya gunia la mihogo, nimemshika babu yangu asianguke, maana alikuwa analia na kuimba kwa wakati mmoja.

Babu alisoma madarasa matatu tu, yote kwa Kitooro. Ukiponyokwa na neno la Kikonzo darasani, fimbo. Kanisani ilikuwa Kitooro, barazani Kitooro. Alinisimulia kwamba akienda Fort Portal alikuwa hafungui mdomo njia nzima, asije akajulikana ametoka mlimani. Mwaka 1962 Isaya Mukirane na wenzake walipotoka katika baraza la ufalme wa Tooro uliotutawala, na tarehe 30 Juni wakatangaza kwamba Rwenzururu imejitenga, babu alipanda nao mlimani. Hakupanda kwa ajili ya vyeo. Hata cheo ni nini hakujua. "Nilichoka kunyamaza ndani ya basi," ndivyo alivyosema. Na siku ile ya 2009, mzee wa miaka sabini na ushee, alikwenda mjini makusudi ili apige kelele kwa Kikonzo.

Oktoba hiyohiyo, siku chache kabla ya sherehe yetu, mbunge David Bahati alikuwa amepeleka bungeni Kampala mswada wa kupinga ushoga. Sikuusikia. Nilikuwa na furaha ya watu wengi, na furaha ya wengi ina sauti kubwa.

Niliusikia vizuri 24 Februari 2014, uliposainiwa kuwa sheria. Nilikuwa napara ngege bandani, redio imening'inizwa kwenye msumari. Wanawake wote bandani walishangilia, nami nikashangilia, kisu mkononi. Kesho yake gazeti moja la Kampala likachapisha orodha ya watu 200 lililowaita mashoga wakubwa wa nchi. Mimi ni muuza samaki, simo kwenye orodha ya mtu yeyote, lakini kila kijiji kiliandika orodha yake. Yangu iliandikwa na mwanamke niliyekuwa nikimkopesha samaki. Ilipofika Machi, nikitandika samaki wangu mezani, watu wanapita mbele yangu kama wanapita mbele ya kaburi. Wakasema samaki wangu wana laana.

Samaki hawangoji watu wabadili mawazo. Siku ya kwanza macho yanafifia, siku ya pili shavu linageuka rangi ya majivu, na siku ya tatu hata mbwa anakuuliza. Nilikuwa na deni la wavuvi. Usiku mmoja nikapanda bodaboda hadi Katwe, nikarudi na gunia la chumvi ya ziwani, ile ya kijivu yenye mchanga. Nikawapasua mgongoni, nikawalaza wazi kama kitabu, nikawasugua chumvi mpaka vidole vikachanika. Nikavuka nao hadi Kasindi. Akina mama wa kule hawakuuliza. "Yaya, bei gani?" Ndilo swali lao pekee. Chumvi ya Katwe ndiyo iliyolipa deni langu, na mpaka leo nusu ya biashara yangu ni samaki wa chumvi.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ile kwa sababu ya akidi: wabunge waliipitisha bila idadi inayotakiwa. Hawakusema sisi ni watu. Walisema viti vilikuwa vitupu. Tuliona inatosha. Siku nane baadaye nilikuwa Entebbe, kwenye bustani ya mimea kando ya Ziwa Nyanza, kwenye Praidi.

Nilimwambia mama naenda Kampala kutafuta mnunuzi. Basi la usiku, halafu teksi, halafu miguu. Wengi walikuwa wamevaa barakoa, na mimi nikapewa ya karatasi, ya rangi ya waridi, uzi wake ukinikata masikio. Miaka miwili kabla, mahali hapohapo, Kasha Jacqueline Nabagesera na wenzake walikuwa wamefanya Praidi ya kwanza ya Uganda, polisi wakawavamia. Kuna aliyenionyesha mti ambao alijificha nyuma yake siku ile. Kijana mmoja akanieleza asili ya haya mambo: usiku wa Juni 1969 polisi wa New York walivamia baa moja iitwayo Stonewall, kama walivyozoea, na watu wakakataa kupanda gari la polisi. Mwaka uliofuata wakaandamana kukumbuka usiku huo. Kumbe si sherehe ya kitanda. Ni watu waliochoka kunyamaza ndani ya basi.

Akauliza, "Kuchu wa wapi wewe?" Kuchu ndilo neno letu, la kuitana wenyewe. Nikasema, "Wa Kasese." Maneno hayo mawili sikuwa nimewahi kuyatamka pamoja. Nikavua barakoa, nikapigwa upepo wa ziwa usoni, nikaogopa, nikaivaa tena. Yote hayo hayakuzidi dakika moja. Nimeishi kwa dakika hiyo miaka mingi, maana baadaye njia ilizibwa: Agosti 2016 polisi walivamia klabu Kampala katikati ya wiki ya Praidi, na 2017 serikali ikaizuia kabisa.

Hapa niungame jambo, nisije nikaonekana malaika. Mimi pia ni wa wengi. Kasese Wakonzo ndio tulio wengi, na kuna Wasongora, wafugaji, ambao nchi yao ya malisho ilimezwa na hifadhi kabla sijazaliwa. Siku moja nilikwenda ofisi fulani kutafuta kibali. Nilimkuta mzee wa Kisongora kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Nikamsalimu karani kwa Kikonzo, tukacheka kuhusu mvua, nikahudumiwa, nikatoka. Kesho yake nilisahau muhuri mmoja, nikarudi. Mzee yupo benchi lilelile. Akanitazama bila hasira, kama mtu anavyotazama saa. Sikuwa nimemkosea kitu, sikumsukuma, sikumtukana. Nilipita tu, kwa sababu mlango ulikuwa wa kimo changu. Tangu hapo nikimsikia mtu akisema "mimi sina shida na nyinyi", namkumbuka yule mzee na fimbo yake.

Sheria ya pili ilikuja 2023. Bunge liliipitisha Machi, likaipitisha tena Mei, ikasainiwa 26 Mei: kifungo cha maisha, kifo kwa makosa waliyoyaita mazito, na hadi miaka 20 kwa "kukuza" ushoga. Karatasi hii unayoisoma huenda ni kukuza. Ndiyo maana wewe na mimi tumekubaliana naitwa Masika. Kilichotupata sisi kilikuwa kifungu cha kupangisha nyumba. Mama mwenye nyumba wetu Bwera, aliyekuwa akituletea mihogo, alikuja jioni, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mwanangu, nami nina watoto. Sheria hiyo itakula nyumba yangu." Alilia yeye, mimi nikambembeleza. Tukatoka usiku, cherehani imefungwa kwenye shuka. Kitanda kilibaki.

Mama mdogo akatupokea Katunguru. Hapa hatulimi, hifadhi imetuzunguka, na giza likiingia viboko wanapanda kutoka majini kuja kula majani katikati ya nyumba. Kila mtu anampisha kiboko. Hakuna anayemuuliza kwa nini anapita hadharani.

Wiki tatu hazijaisha, usiku wa 16 Juni, waasi wa ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Sitaeleza yaliyofanyika kule, waliozika wanajua. Nilikwenda na ndoo mbili za samaki. Msibani niliwakuta walewale waliosema samaki wangu wana laana. Yule mdeni wangu, aliyeandika orodha, alikuwa amefiwa na mtoto wa dada yake. Alinipa kisu, nikakaa chini karibu naye, tukapara samaki mpaka alfajiri bila kusema neno. Asubuhi akaninawisha mikono. Wiki iliyofuata, sokoni, akapita mbele yangu kama kaburi.

Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sheria ikisimama, ila ikafuta vifungu vichache, kile cha kupangisha nyumba kikiwamo. Mahakama haikutuletea kitanda.

Mama yangu ni Msabato. Kambale hamgusi, kwa kuwa hana magamba; imeandikwa. Mimi nusu ya Bwera nawauzia kambale, na mama hajawahi kutaka mla kambale afungwe. Nilimwambia hivyo mara moja. Akanyamaza muda mrefu, akasema, "Kambale hanisumbui usingizini." Sijui alimaanisha nini. Nadhani alimaanisha ananipenda.

Sasa Praidi yetu ni ya watu wawili, Katunguru, chumba kimoja. Mwenzangu huweka vipande vya vitenge vinavyobaki kwenye nguo za wateja. Kwa mwaka mzima alikuwa akivitenga kwa rangi, nami sikujua, nikadhani ni utaratibu wa mafundi. Juni akaviunga: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu, zambarau, mistari sita, pindo limeshonwa mara mbili lisifumuke. Anayeingia anaona kitambaa cha meza. Jioni ya tarehe 28, kukumbuka usiku ule wa Stonewall, tunakitandika, tunapika ngege kwa nyanya na chumvi ya Katwe, tunafunga dirisha, redio chini. Tunacheza bila viatu, ili mama mdogo asisikie, ingawa nashuku anasikia.

Mwaka jana kitambaa hakikuondolewa mapema. Tarehe 30 mdogo wangu alifika kutoka Kasese bila taarifa, sauti imekauka. Alikuwa kwenye kumbukumbu ya Rwenzururu, ameimba tangu asubuhi, na bado alikuwa na fulana yenye picha ya Omusinga. Alikuwa na njaa. Mwenzangu akaweka sahani mezani kabla sijamkonyeza.

Alikula. Alisimulia ngoma, wazee, vijana waliopanda juu ya magari, barabara iliyofungwa saa tatu nzima. Alipomaliza alisukuma sahani kando, akapapasa kitambaa kwa kiganja, akafuatisha mshono wa njano na kijani kwa kidole.

"Kizuri hiki. Nani kakushonea?"

"Fundi wangu."

Akamtazama mwenzangu, akanitazama mimi, akajipangusa mdomo.

"Mwambie amshonee na mke wangu," akasema. "Kikubwa kidogo. Meza yetu ni ya watu sita."