Shajara ya wakala wa bima: Ngara na Biharamulo

Jumatatu, 3 Machi 2025, Kabanga
Mwalimu wa hesabu hakugusa kalamu mpaka nimjibu: "Nikianguka na bodaboda leo jioni, mama watoto atapata kitu?" Nikamwambia hapati. Sahihi yake ni ombi tu. Makao makuu watapitia umri na afya yake, wakubali, wapandishe ada au wakatae. Kisha makato ya kwanza yatoke kwenye mshahara. Fomu ikikosa orodha ya Machi, atangoja Aprili. Mawakala wengi huliruka swali hili, wanaogopa mteja ataahirisha. Huyu alisaini.

Jumatano, 5 Machi, Nyakanazi
Jumatano ya Majivu. Dereva wa lori anayekwenda Rusumo, jivu bado liko kwenye paji la uso, anataka kulipa papo hapo. Fomu yetu inampa anayelipa pamoja na maombi kinga ya muda, ya ajali tu. Nilimsomea kipengele hicho mara mbili, maana alishaanza kumpigia mkewe simu kwamba mambo shwari. Malaria, presha, moyo, vyote havimo mpaka akubaliwe. Na akiugua kabla ya hati kutoka, aseme.

Usiku nimesoma tena shauri la Canning na Farquhar, Uingereza, 1886. Mwombaji alikubaliwa kwa sharti kwamba kinga ingeanza ada ikishalipwa. Kabla ya kulipa akaanguka gengeni, akaumia vibaya. Wakala wake akapeleka fedha na kueleza yaliyotokea, kampuni ikazikataa. Mtu akafa, kampuni ikashinda rufani. Sawa, hali iliyokubaliwa haikuwa tena ile. Lakini kampuni inayopokea ada halafu ikaikalia fomu wiki nzima haina pa kujifichia humo.

Jumamosi, 8 Machi, Rulenge
Kikao cha chama cha kufa na kuzikana kimechelewa, akina mama walikuwa kwenye sherehe za siku yao. Mweka hazina alinionyesha daftari: jina, tarehe ya kuingia, na mbele yake, kwa wino mwekundu, tarehe ya kuanza kupata haki, miezi mitatu baadaye. Kila mwanachama amesaini hapo. Kwenye hati zetu tarehe hiyo imefichwa kwenye jedwali la ndani, kwa herufi za sisimizi.

Jumatatu nitamwomba meneja turuhusiwe kugonga muhuri kwenye risiti: MAOMBI YAMEPOKEWA, KINGA BADO. Najua atasema inafukuza wateja.